Kuichora Chi: Ngumi, Kamera na Mwanga

Katika sanaa za mapigano za Kichina, uwezo wa mpiganaji haupimwi kwa ukubwa wa misuli yake peke yake, bali pia kwa kile ambacho walimu wa sanaa hizo hukiita chi, yaani nguvu ya uhai inayosemekana kuzunguka mwilini pamoja na pumzi, kujikusanya chini ya kitovu, na kutokea kwenye kiganja, kiwiko au bega pale inapohitajika. Walimu hao huitofautisha chi na jin, ambayo ni nguvu iliyofunzwa: si ile anayozaliwa nayo mtu mwenye kifua kipana, bali ile inayopatikana baada ya miaka ya mazoezi, miguu, nyonga, mgongo na mkono vinapokuwa vimezoea kufanya kazi kwa mfuatano mmoja, hata mzee akaweza kumsukuma kijana hatua kadhaa nyuma bila kuonekana kutumia jitihada. Wajapani wana dhana iliyo karibu na hiyo, ambayo huiita ki, nayo ndiyo msingi wa mafundisho ya aikido iliyoasisiwa na Morihei Ueshiba (1883–1969). Kwa vizazi vingi dhana hizo zimerithishwa kwa maneno, kwa kugusana na kwa kuiga. Lakini katika miongo ya karibuni wasanii na wahandisi wa kompyuta wamejaribu kuzileta mbele ya macho kwa kuunasa mwendo wa mpiganaji, kuugeuza kuwa tarakimu, kisha kuurudisha kama picha jongefu za mwanga zinazomulikwa ukutani, kwenye pazia au juu ya mwili wake mwenyewe.

Hamu ya kuiona nguvu hiyo si ngeni. Filamu za Hong Kong, ambazo wengi wa Afrika Mashariki walizijua katika vibanda vya video vya mitaani, zilikuwa na mbinu zake: mlio wa nguo ukipasua hewa uliongezwa baadaye studioni, na mtu aliyepigwa alivutwa nyuma kwa waya. Katika filamu ya Kikantoni ya Buddha's Palm, ya mwaka 1964, mafundi walichora miale kwa mkono juu ya picha ili ionekane ikitoka kwenye viganja vya mashujaa, na hadithi ya katuni ya Kijapani ya Dragon Ball, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1984, ikaeneza duniani kote taswira ya ki kama mpira wa mwanga unaorushwa kwa mikono miwili. Michoro hiyo yote ilitoka katika fikra za mchoraji. Kazi zinazozungumziwa hapa zinatofautiana nayo kwa kuwa mwanga wake hufuata vipimo vya mwili halisi uliopiga ngumi halisi, na kwa sababu hiyo mtazamaji hushawishika kuamini kwamba anachokiona ni nishati yenyewe. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa, kwani kamera, hata ikiwa ya thamani kubwa namna gani, haioni nguvu. Huona mahali kitu kilipo na wakati kilipokuwa hapo, na yote yanayobaki ama ni hesabu ama ni uamuzi wa msanii.

Mizizi ya ufundi huu iko Ufaransa ya karne ya 19. Étienne-Jules Marey (1830–1904), mwanafiziolojia aliyetaka kujua jinsi viumbe wanavyotembea, wanavyokimbia na wanavyoruka, alianzisha mwaka 1882 kituo cha uchunguzi mjini Paris, na huko akamvisha mtu nguo nyeusi mwili mzima, akambandika mistari ing'aayo kandokando ya mkono na mguu, kisha akamtembeza mbele ya ukuta mweusi huku kamera ikifunguka na kufungika mara nyingi juu ya kioo kilekile cha picha. Mtu akatoweka, ikabaki mistari iliyopangana kama njiti za mwavuli, na pembe ya goti katika kila hatua ikaweza kupimwa kwa rula. Miaka thelathini hivi baadaye, Frank na Lillian Gilbreth wa Marekani walifunga taa ndogo kwenye mikono ya wafanyakazi na kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu, mpaka mwendo wote wa mkono ukajichora kuwa uzi wa mwanga. Walipozifanya taa hizo ziwake na kuzima kwa vipindi vinavyojulikana, uzi ukakatikakatika, na kutokana na urefu wa vipande hivyo kasi ikaweza kusomwa. Lengo lao lilikuwa tija ya viwanda, wala hawakufikiria sanaa, lakini kila utepe wa mwanga unaoifuata ngumi kwenye skrini za leo ni mjukuu wa taa zile.

Kwa nini jicho hukubali kwa urahisi kuona mtu mahali ambapo hakuna mtu, ni swali lililojibiwa vizuri zaidi mwaka 1973 na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson. Aliwaonyesha watazamaji filamu ya nukta chache za mwanga zilizofungwa kwenye viungo vikuu vya mtu anayetembea gizani, nao wakatambua papo hapo kwamba ni binadamu na kwamba anatembea, ilhali nukta zilezile ziliposimama hawakuona chochote chenye maana. Ubongo, kwa maneno mengine, huujenga mwili kutokana na mwendo peke yake, na msanii wa mwanga hutegemea kazi hiyo ya bure ambayo mtazamaji humfanyia.

Mifumo ya kunasa mwendo inayotumika leo katika studio kubwa imerithi mbinu ya Marey karibu yote. Mpiganaji huvaa nguo ya kubana iliyobandikwa vitufe vidogo, hamsini hivi, vilivyofunikwa kwa utando unaorudisha mwanga kule ulikotoka, wa aina inayotumika pia kwenye alama za barabarani. Kumzunguka huwekwa kamera kumi au zaidi, kila moja ikiwa na taa za infraredi, yaani mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, na kila kamera huona giza tupu lenye nukta nyeupe. Nukta ikionekana na kamera mbili au zaidi, kompyuta hukokotoa mahali ilipo kwa kanuni ileile ya pembetatu wanayoitumia wapima ardhi, kosa la kipimo likiwa milimita moja au pungufu. Kazi hiyo hurudiwa mara 120 au zaidi kwa sekunde, kisha programu huziunganisha nukta hizo na kiunzi cha mifupa cha kidijitali chenye nyonga, uti wa mgongo, mabega, viwiko na magoti. Zipo njia nyepesi zaidi: nguo zenye vitambuzi vidogo vinavyohisi mzunguko na mchapuko wa kila kiungo bila kuhitaji kamera, kifaa cha Kinect ambacho kampuni ya Microsoft ilikitoa Novemba 2010 kwa ajili ya michezo ya video, kikawafikia wasanii wasio na fedha, na, tangu takriban mwaka 2017, programu za akili bandia zinazoweza kukisia viungo vya mtu kutoka kwenye video ya kawaida, hata ya simu.

Urahisi huo una gharama yake. Ngumi ya mtu aliyefunzwa yaweza kufika mita 10 kwa sekunde, na kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde, kama ile ya Kinect, huiona mara moja tu katika kila sentimita 33, kwa hiyo pigo la nusu mita hupata picha moja au mbili, na umbo la njia yake hubaki la kukisia. Mfumo wa picha 120 huiona katika kila sentimita 8 hivi. Ndiyo sababu kazi nyingi za bei nafuu huvutia zaidi mpiganaji anapokwenda polepole, na huharibika anapopiga kwa dhati.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu ni wa Hong Kong. Tangu mwaka 2012, Chuo Kikuu cha City cha mji huo, kwa kushirikiana na Chama cha Kimataifa cha Guoshu (jina la Kichina la sanaa za mapigano), kimekuwa kikijenga hifadhi hai ya sanaa za mapigano, wakiwamo katika kazi hiyo Hing Chao, Jeffrey Shaw na Sarah Kenderdine. Haja yake ilikuwa dhahiri: walimu wengi ni wazee, kodi za pango zimezibana kumbi zao, vijana wana mambo mengine, na mwalimu anapofariki huondoka na milolongo ya mapigo ambayo haikuandikwa popote. Mwaka 2016 hifadhi hiyo ilizaa maonyesho kuhusu miaka 300 ya kung fu ya Wahakka, jamii ya kusini mwa China ambayo mababu zake walihama kutoka kaskazini kwa vipindi mbalimbali. Mitindo yao, kama vile wa Vunjajungu wa Kusini na wa Nyusi Nyeupe, hupigwa kwa umbali mfupi, viwiko vikibanwa karibu na mbavu na hatua zikiwa ndogo, kiasi kwamba mtu asiye na mazoea huona mikono ikipishana tu na kushindwa kuelewa ni wakati gani pigo lilitokea.

Msanii Mjerumani Tobias Gremmler alizichukua tarakimu zilizonaswa kutoka kwa walimu wa kung fu wa hifadhi hiyo akatengeneza filamu fupi ya uhuishaji, yaani picha jongefu zinazoundwa kwa kompyuta. Katika filamu hiyo mwili haupo kama ulivyo: mara huonekana umesukwa kwa nyuzi zinazoachwa nyuma mkono unapopita, mara huwa wingu la chembe linalotawanyika pigo linapofika mwisho wake, mara huwa vipande vigumu vinavyojipanga kufuata njia ya ngumi na kubaki hewani baada ya mkono kuondoka. Anachokichora hasa ni muda. Kilichotokea robo ya sekunde iliyopita huonekana pamoja na kinachotokea sasa, na hivyo mzunguko wa kiuno uliotangulia pigo, ambao jicho la kawaida huupoteza kwa kuikodolea ngumi, huwa bado uko mbele ya mtazamaji ngumi inapofika.

Ni vyema kueleza jinsi mchoro wa namna hiyo unavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo kipimo na ubunifu hukutana. Msanii hupokea jedwali la tarakimu: kwa kila kiungo, namba tatu za mahali kilipo, mara 120 kwa sekunde. Jedwali halina rangi, halina unene wala uzito. Akiamua kwamba mkia wa mwanga udumu nusu sekunde, ngumi huonekana ya haraka na kavu. Akiamua udumu sekunde tatu, mlolongo uleule huonekana mlaini, wa mviringo, karibu wa kiibada, ingawa hakuna namba hata moja iliyobadilika. Chembe zikipewa uzito mkubwa huchelewa kuufuata mkono na kuupa sura ya jitihada; zikipewa wepesi hupeperuka, na mpiganaji yuleyule huonekana kama asiyegusa ardhi. Wengine hufungamanisha mng'ao na nishati ya mwendo kama inavyofundishwa katika fizikia, yaani nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi: mkono wenye tungamo la kilo 4 ukienda mita 5 kwa sekunde una jouli 50, na ukienda mita 10 kwa sekunde una jouli 200, hivyo kasi ikiongezeka mara mbili mng'ao huongezeka mara nne. Kanuni hiyo ni ya haki kwa ngumi za Wahakka, lakini hulizima kabisa zoezi la taichi, ambalo hufanywa polepole kwa makusudi.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika tendo ambalo walimu huliita fajin, yaani kuifyatua jin kwa ghafla. Kinachoitambulisha fajin si kasi yenyewe bali mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika katika muda mfupi mno, na kamera haipimi mchapuko. Hupatikana kwa kutafuta tofauti kati ya mahali na mahali, kisha tofauti kati ya tofauti hizo. Hesabu hiyo hukuza makosa madogo bila huruma: kwa picha 120 kwa sekunde, kosa la milimita moja tu hugeuka kuwa mchapuko wa bandia wa takriban mita 14 kwa sekunde mraba, ambao unazidi ule wa jiwe linaloanguka. Ili mchoro usitetemeke ovyo, wahandisi huzipitisha namba kwenye chujio la kihesabu linalolainisha kona kali, nalo chujio halijui kutofautisha kosa la kamera na mshtuko wa kweli wa nyonga ya mwalimu. Ndiyo maana kazi nyingi za aina hii, kwa uzuri wake wote, huufanya kila mtindo ufanane na dansi: kona iliyokatwa ili kuondoa mtetemo ndiyo kona ambayo mwalimu alitumia miaka ishirini kuipata.

Upande wa pili wa tatizo hilo ni utulivu. Lipo zoezi la Kichina la kusimama kama nguzo, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na mikono ikiinuliwa mbele ya kifua, ambalo mwanafunzi hulifanya kwa dakika nyingi bila kusogea, huku mapaja yakitetemeka na jasho likimtoka. Kwa mwalimu, hilo ni miongoni mwa mazoezi makuu ya chi. Kwa kamera ni karibu sifuri, na skrini hubaki na nukta zilizoganda. Hali ni hiyohiyo kwa ngumi ya inchi moja ambayo Bruce Lee aliionyesha Long Beach, California, mwaka 1964: ngumi husafiri sentimita mbili na nusu hivi, mkia wake wa mwanga haufiki hata upana wa vidole viwili, lakini aliyepigwa hurudi nyuma kwa kishindo, kwa kuwa msukumo ulianzia kwenye nyayo, ukapitia goti na nyonga, ukaongezeka begani. Anayetaka kuchora mambo hayo kwa uaminifu hana budi kupima kitu kingine zaidi ya mwendo: mabamba ya kupimia kani yanayowekwa chini ya miguu, ambayo huonyesha jinsi mtu anavyoisukuma ardhi, elektrodi za kubandikwa juu ya ngozi, ambazo husoma ishara za umeme za misuli inapokaza, na mkanda wa kifuani unaofuata pumzi. Vifaa hivyo vipo na hutumika katika maabara za michezo, ila waandaaji wa maonyesho huvikwepa, pengine kwa sababu grafu ya kani haipendezi mbele ya umma kama wingu la chembe.

Hapa inafaa kukumbuka kisa cha Semyon Kirlian, fundi wa Muungano wa Kisovyeti ambaye mwaka 1939 aligundua kwamba kidole kikigusishwa kwenye sahani ya picha yenye umeme wa volti kubwa hutoa picha iliyozungukwa na mwanga. Wengi waliuchukua mwanga huo kuwa ndiyo nguvu ya uhai iliyopigwa picha hatimaye, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba ni umeme unaovuja kwenye hewa, na kwamba umbo lake hubadilika kutokana na mambo kama unyevu wa ngozi na mgandamizo wa kidole. Fizikia haina kipimo kinachoitenga chi kama aina ya pekee ya nishati, na michoro ya Hong Kong haikutengenezwa ili kuthibitisha kwamba ipo. Ni tafsiri ya mwendo, na inapaswa kusomwa hivyo hata pale mwanga unapoonekana kutoka tumboni.

Mambo hubadilika tena mchoro unapotakiwa kuzaliwa papo hapo, mbele ya hadhira. Wachezaji wa dansi ndio waliotangulia: Klaus Obermaier alionyesha kazi yake Apparition mjini Linz, Austria, mwaka 2004, ambapo projekta ilimulika picha juu ya miili ya wachezaji kwa kufuata maumbo yao, na kundi la Adrien M na Claire B la Ufaransa likamweka mchezaji ndani ya chumba cha vitambaa vyepesi katika kazi ya Hakanaï ya mwaka 2013, mistari ya mwanga ikijipinda anapoisogelea. Kwa upande wa mapigano, mtafiti wa Finland Perttu Hämäläinen na wenzake walieleza mwaka 2005 mchezo uitwao Kick Ass Kung-Fu, ambamo mtu hupigana na maadui wa kompyuta akiwa kati ya skrini mbili, na miruko yake huongezwa urefu ili ajione kama nyota wa filamu. Kamera katika kazi za namna hii mara nyingi huwa ya infraredi, kwa sababu ya vitendo kabisa: ingekuwa ya mwanga wa kawaida, ingeona pia picha zilizomulikwa na projekta, na mfumo ungeanza kujifuata wenyewe.

Adui wa maonyesho ya moja kwa moja ni ucheleweshaji, yaani muda kati ya mkono kusogea na mwanga kuonekana. Mfumo ukichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, jambo ambalo katika dansi ya taratibu mtazamaji huweza kulisamehe, ngumi ya mita 10 kwa sekunde huwa imeuacha mwanga wake mita nzima nyuma. Baadhi ya watengenezaji huiamuru programu ikisie mkono utakuwa wapi, na makisio hayo hufanya kazi mpaka mpiganaji abadili mwelekeo ghafla, jambo ambalo ndilo hasa alilofunzwa kulifanya. Wengine huukubali ucheleweshaji na kuuingiza katika mtindo, wakiuacha mwanga uje baada ya pigo kama mwangwi, na kwa kweli suluhisho hilo ndilo lenye busara zaidi, kwani halidai usahihi ambao mashine haina.

Kilichobaki nje ya kazi nyingi za aina hii ni mtu wa pili. Taichi, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2020 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ina zoezi la kusukumana mikono, ambapo watu wawili hugusanisha viganja na vifundo vya mikono, na kila mmoja huisikiliza nguvu ya mwenzake kwa ngozi ili aipoteze njia kabla haijamfikia. Wanaofunza chi wengi wangekiri kwamba hapo ndipo mwanafunzi huijua kwanza, kwa kuihisi ikitoka kwa mwingine. Lakini miili miwili iliyokaribiana hufichana vitufe, kamera huvichanganya vya huyu na vya yule, na shinikizo lililo kati ya vifundo viwili vya mikono, ambalo ndilo kiini cha zoezi zima, halina mwendo wa kunaswa. Kulichora kungehitaji vitambuzi vya shinikizo vyembamba vya kuvaliwa mikononi, vyenye kusomwa sambamba na kamera, na msanii aliye tayari kuchora mstari mmoja unaomilikiwa na watu wawili kwa pamoja.